Kufuli Jipya Mlangoni: Kisa cha Mpangaji wa Mwezi kwa Mwezi, Tanga

Ujumbe uliingia WhatsApp Jumamosi jioni, tarehe 10 Mei 2025: "Kijana wangu, habari za kazi. Kuanzia mwezi ujao kodi ni laki tatu. Kama huiwezi, tarehe 20 naomba uniachie nyumba, kuna mtu anaitaka." Aliyeutuma ni mama mwenye nyumba, mjane anayeishi Chumbageni. Aliyeupokea ni kibarua wa bandarini mwenye mke na watoto wawili wa shule ya msingi, anayekaa Mikanjuni kwa kodi ya laki mbili kwa mwezi. Nyumba yenyewe ni moja kati ya nne zilizopangana ndani ya uzio mmoja: vyumba viwili na sebule, jiko na choo ndani. Madalali huziita apatimenti, na wakishaziita hivyo bei haishuki tena.

Mpangaji alisoma, akanyamaza. Hakujibu "sawa mama", hakujibu "siwezi". Tarehe 20, Jumanne, aliporudi kazini magharibi alimkuta mkewe na watoto wamekaa barazani kwa jirani. Kufuli lao lilikuwa limekatwa kwa msumeno wa chuma, vipande vimeachwa sakafuni. Pale komeoni linaning'inia kufuli jingine kubwa la shaba, bado lina grisi ya dukani. Sare za shule, magodoro, mtungi wa gesi, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, vyote viko ndani. Aliyekuja na msumeno ni mpwa wa mama mwenye nyumba.

Nililetewa jambo hili kesho yake nikiwa msaidizi wa kisheria, na pande zote mbili zimeniruhusu kuliandika bila majina. Naliandika kwa sababu kila mtu aliyehusika alikuwa na uhakika wa sheria ambayo haipo. Mama aliamini kuwa mkataba ukishaisha mpangaji hana haki yoyote. Mpangaji aliamini kuwa hatolewi mtu bila notisi ya miezi mitatu. Jirani aliyewapokea watoto, mzee wa watu, yeye aliapa kuwa serikali imekataza kupandisha kodi.

Mkataba ulioisha, upangaji ulioendelea

Walisaini mkataba tarehe 5 Machi 2023, mwaka mmoja, kodi inalipwa miezi sita kwa mkupuo kama ilivyo desturi. Uliisha tarehe 4 Machi 2024. Hakuna aliyeleta mwingine. Kazi za bandarini zilikuwa za kupanda na kushuka, mpangaji akaomba alipe mwezi kwa mwezi. Mama akamwambia, "Haya mwanangu, lakini usinizungushe." Hakumzungusha. Kuanzia hapo, kila tarehe 5, laki mbili iliingia kwenye simu ya mama. Mara moja tu, Februari 2025, ilichelewa mpaka tarehe 12, na mama aliipokea bila neno.

Watu wengi wanaona kuwa mtu wa namna hii anakaa kwa hisani tu. Sheria ya Ardhi, Na. 4 ya 1999, ambayo leo ni Sura ya 113, haimwoni hivyo. Upangaji wa mwaka mmoja au chini ya hapo unaweza kufanywa hata kwa mdomo. Mpangaji aliyebaki ndani kwa ridhaa ya mwenye nyumba baada ya muda kwisha anahesabiwa kuwa amepanga mwezi kwa mwezi, kwa masharti yale yale ya zamani kadiri yanavyoweza kuendana na upangaji wa aina hiyo. Tahadhari moja: kupokea kodi kimya kimya mara moja baada ya mkataba kwisha hakumfungi mwenye nyumba papo hapo. Hapa lakini tuna "haya mwanangu" pamoja na malipo 15 mfululizo, kuanzia Machi 2024 hadi Mei 2025. Ridhaa kubwa kuliko hiyo sijui itafutwe wapi.

Kwa hiyo swali la kwanza nililomuuliza mpangaji halikuwa "mkataba uko wapi?" Nilimuuliza kodi inalipwa tarehe ngapi.

Tarehe 5

Kifungu cha 79 cha sheria hiyo kinashughulikia upangaji wa vipindi, yaani wiki kwa wiki, mwezi kwa mwezi, mwaka kwa mwaka. Upande wowote unaweza kuuvunja kwa notisi, bila kulazimika kutaja sababu, lakini notisi isipungue urefu wa kipindi chenyewe na iishie kwenye siku ambayo kodi hulipwa. Sharti hilo la mwisho ndilo watu wanalolisahau, na kisa hiki chote kimesimama juu yake.

Tuhesabu. Kodi hulipwa tarehe 5. Ujumbe umetumwa tarehe 10 Mei. Mwezi mmoja kamili unatufikisha tarehe 10 Juni, ambayo si siku ya kodi. Siku ya kodi inayofuata ni tarehe 5 Julai. Basi hapo ndipo mapema kabisa mama alipoweza kuidai nyumba yake. Siku kumi alizotoa hazina mahali pa kushika.

Mwanasheria mkali atasema hata hivyo nimemhurumia mama, kwa kuwa notisi iliyokosewa haihesabiki kabisa na alipaswa kuandika upya. Inawezekana. Lakini angeandika upya hata wiki nzima baada ya kufunga kufuli, tarehe 27 Mei, mwezi mmoja ungefika tarehe 27 Juni na siku ya kodi inayofuata ingekuwa ile ile 5 Julai. Kwa upande mwingine, kama ujumbe wake angeutuma tarehe 4 Mei, akasema "tarehe 5 Juni unikabidhi funguo", angekuwa amemaliza kazi, na mpangaji asingekuwa na la kujibu. Kuchelewa siku sita kulimgharimu mwezi mzima, na hiyo ni kabla hajampeleka mpwa wake na msumeno.

Mpangaji hakuifurahia hesabu yangu pia. Alitaka miezi mitatu, na hakuwa anaota: mkataba wa 2023 ulisema kila upande utatoa notisi ya miezi mitatu. Akaniuliza, kama masharti ya zamani yanaendelea, hili kwa nini lisiendelee? Swali zuri, na wakili wake angelibeba mpaka kwenye baraza la ardhi. Shida iko kwenye yale maneno "kadiri yanavyoweza kuendana". Upangaji wa mwezi kwa mwezi maana yake ni kwamba kila upande unaweza kuondoka kwa kipindi kimoja. Notisi ya miezi mitatu inaugeuza kuwa kitu kingine. Wapo watakaosema sheria imeweka kiwango cha chini tu, pande mbili zinaruhusiwa kukiongeza, na mkataba ulishakiongeza. Mimi nilimshauri asitegemee hoja hiyo kuwalaza watoto. Akiitaka, aishike mkononi kama ya kupatania.

Huo ndio ukweli usiopendeza wa kupanga mwezi kwa mwezi. Unakupa wepesi wa kulipa kidogo kidogo, nao unampa mwenye nyumba wepesi wa kukuaga. Ulinzi wake ni mdogo. Lakini huo mdogo uliopo ni wako, na hauondolewi na mtu mwenye msumeno.

Laki tatu

Mzee jirani alikuwa na kumbukumbu ya kweli iliyopitwa na wakati. Ilikuwepo sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya mwaka 1984, iliyoweka viwango na mabaraza ya kusikiliza migogoro ya kodi. Ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo bei ni makubaliano. Mama angeweza kutaka laki tatu au laki tano, na hakuna ofisi ya kumuuliza kwa nini. Tangu Chongoleani itajwe kuwa mwisho wa bomba la mafuta kutoka Hoima, madalali wa Tanga wanajua sana kutaja "wageni wa mradi" wanapopandisha bei. Huyo "mtu anayeitaka" alikuwa wa aina hiyo.

Asichoweza mama ni kuibadilisha bei peke yake upangaji ukiwa hai. Akitaka laki tatu na mpangaji akakataa, njia yake ni kuuvunja upangaji kwa notisi halali, halafu waanze upya kwa bei mpya au waachane. Mpaka tarehe 5 Julai kodi ni laki mbili. Ila mpangaji naye ajihadhari: akituma laki tatu hata mara moja bila maelezo, anaweza kuhesabiwa kuwa amekubali. Na kunyamaza kwake baada ya ule ujumbe kulikuwa udhaifu. Jibu la mistari miwili, "Shikamoo mama, ujumbe nimeuona, bei mpya siiwezi, naomba notisi ya mwezi kwa tarehe ya kodi", lingebadilisha mazungumzo yote.

Kufuli

Usiku ule ule walikwenda kituo cha polisi cha jirani. Wakaambiwa hilo ni la madai, warudi serikali ya mtaa. Ni jibu la kawaida na nusu yake ni sahihi. Mgogoro wa notisi na kodi kweli ni wa madai. Kukata kufuli la nyumba anayoishi mtu ili kuichukua ni jambo jingine. Kanuni ya Adhabu inalitaja kosa la kuingia kwa nguvu kwenye ardhi au jengo kwa lengo la kulitwaa, na inasema wazi kuwa haijalishi kama aliyeingia alikuwa na haki ya kuingia. Kuvunja ni nguvu. Hati ya nyumba haimpi mwenyewe kibali cha kuvunja mlango wa mpangaji wake.

Kwa upande wa madai ni rahisi zaidi. Kila upangaji, uwe wa maandishi au wa mdomo, unabeba ahadi ya mwenye nyumba kwamba mpangaji anayelipa na kutimiza masharti atakaa kwa amani bila kubughudhiwa naye wala na watu wake. Ahadi hiyo imo kwenye kifungu cha 88 cha Sheria ya Ardhi hata kama mkataba haukuitaja. Tarehe 20 Mei kodi ya mwezi huo ilikuwa imeshalipwa mpaka tarehe 4 Juni. Mama alimfungia nje mtu aliyekuwa amelipia.

Njia rasmi ninaiheshimu ila haina haraka. Migogoro hii ni ya Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Tangu marekebisho ya mwaka 2021, Baraza la Kata halitoi uamuzi tena, linapatanisha tu. Na la Wilaya halisikilizi shauri mpaka la Kata lithibitishe kuwa upatanishi umeshindikana, au siku 30 zipite bila suluhu. Siku 30 kwa mtu ambaye sare za wanawe ziko nyuma ya kufuli ni nyingi mno. Ndiyo maana nilimwambia twende kwanza kwa mwenyekiti wa mtaa, tena siku ile ile. Mwenyekiti hana mamlaka ya kuhukumu, lakini ana mamlaka ya kumwita mama kwa jina la mumewe marehemu, na Tanga hilo lina uzito wake.

Mabati na LUKU

Tukisubiri kikao nilimtaka mpangaji anifungulie simu yake. Humo mlikuwa na kisa kingine.

Katikati ya Aprili, masika imekaza, paa la chumba cha watoto lilianza kuvuja. Alimtumia mama picha. Mama akajibu: "Pole mwanangu, kwa sasa sina, tengeneza tutakatana kwenye kodi." Akanunua mabati manne, mbao, misumari ya bati, akamlipa fundi. Jumla 185,000, risiti anazo. Mei akalipa laki mbili kamili kwa kuwa mama alikuwa na shughuli ya arobaini, akaona aibu kukata. Alitarajia kukata Juni.

Paa, kuta kubwa na mifereji mikuu ni mzigo wa mwenye nyumba pale anapopangisha sehemu tu ya jengo, na nyumba ya kuishi anapaswa kuitunza ikalike muda wote wa upangaji. Hilo pia limo kwenye kifungu cha 88. Lakini nisingemshauri mpangaji yeyote atengeneze kwanza kisha akate kwa kichwa chake. Hapo ndipo mwenye nyumba husema "ananidai nini, mimi ndiye ninayemdai". Kilichomwokoa huyu ni lile neno "tutakatana". Ni makubaliano, yameandikwa, yana tarehe. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inakubali ujumbe wa namna hiyo kuwa ushahidi, sawa na meseji za malipo ya kodi. Asifute simu, asibadilishe namba, na apige picha za skrini azihifadhi kwa mtu mwingine.

La LUKU, umeme wa kulipia kabla, ni dogo ila linakera. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo inakatwa kwenye umeme, na anayenunua umeme mara nyingi ni mpangaji. Ilikuwa 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, ikawa 1,500 kuanzia Julai 2023. Mkataba wao ulisema kodi zote za serikali ni za mwenye nyumba. Kuanzia Machi 2023 hadi Mei 2025 mpangaji alikatwa miezi minne ya 1,000 na miezi 23 ya 1,500, jumla 38,500. Hakuwahi kuidai. Wengi hawaidai, kwa kuwa kila mwezi inaonekana hela ya vocha.

Na jambo moja dhidi yake: mkataba wa 2023 haukuwahi kulipiwa ushuru wa stempu, asilimia moja ya kodi ya mwaka, ambayo kwa nyumba hii ni 24,000. Hati isiyolipiwa haipokelewi kuwa ushahidi mpaka ushuru na adhabu yake vilipwe. Kama angekwenda barazani na kile kipengele cha miezi mitatu mkononi, hapo ndipo wangemwanzia.

Kikao

Tulikaa Alhamisi tarehe 22 Mei, ofisi ya serikali ya mtaa: mwenyekiti, mjumbe, mama na mpwa wake, mpangaji na mkewe. Mama alianza kwa ukali. "Nyumba ni yangu, nimeijenga na marehemu kwa jasho letu, leo nipangiwe tarehe ya kuingia?" Mwenyekiti akamwacha amalize. Kisha akamuuliza, "Mama, hela ya mwezi huu umepokea?" Akasema amepokea. "Basi umeuza mkate halafu umeurudisha dukani."

Baada ya hapo sheria ilizungumzwa kidogo sana. Mpwa aliambiwa habari ya Kanuni ya Adhabu, akakumbuka ana kazi mahali. Kufuli lilifunguliwa adhuhuri hiyo hiyo mbele ya mjumbe. Makubaliano niliyaandika kwa mkono, nakala tatu, kila mtu akasaini: mpangaji anatoka kwa amani na kukabidhi funguo ifikapo tarehe 5 Julai, kodi ya Juni ni laki mbili, 185,000 ya mabati inakatwa humo, anayebakia kulipa 15,000 ni mpangaji, hakuna atakayefika nyumbani kwa mwenzake bila kupiga simu kwanza.

Kuhusu ile 38,500 mama alisema, "Hiyo tusameheane, mwanangu." Mpangaji akasema sawa. Nilimwambia pembeni kwamba kwa mkataba wao ni haki yake na inazidi hiyo 15,000 anayotakiwa kulipa. Akanijibu kuwa anatafuta nyumba mtaa ule ule, na mama anafahamiana na kila mtu. Fidia ya siku mbili za kulala kwa jirani nayo hakuitaja. Barazani ningeipigania, kwenye meza ile uamuzi ulikuwa wake, na sidhani alikosea kukisia faida na hasara yake mwenyewe.

Tarehe 5 Juni alituma 15,000. Mama akairudisha kwenye simu, akidai kuwa mpwa wake amemwambia asipokee kitu, akipokea mpangaji hatoki. Hofu hiyo ndogo ina mizizi kwenye sheria, maana kupokea kodi kunaweza kusomwa kuwa ridhaa, lakini ndani ya notisi hai haina hatari. Nilimwandikia mpangaji maneno ya kutuma: hela imeletwa tarehe yake, imekataliwa, ipo tayari wakati wowote. Kisheria hakuhesabiwa kuwa amekosa kulipa mwezi huo.

Alihamia Donge tarehe 3 Julai. Funguo zilikabidhiwa kwa mjumbe tarehe 4 pamoja na ile 15,000, wakakagua vyumba, wakaandika kioo kimoja cha dirisha kina ufa, na namba ya mita ya umeme.

Mama alinipigia wiki ya pili yake akitaka niwaandikie mikataba wapangaji wengine watatu wa uzio ule, ambao nao wote wanakaa kwa mikataba iliyokwisha. Nimeiandika: tarehe ya kodi imetajwa, notisi ni mwezi mmoja unaoishia tarehe hiyo, kwa barua au kwa ujumbe wa simu uliojibiwa. Wawili wamesaini. Wa tatu bado wanabishana kuhusu ile 1,500 ya LUKU.